Kukosa Shabaha: Neno Moja la Wagiriki na Alama Nilizomnyima Mwanafunzi



Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikisomesha kidato cha tano, niliwapa wanafunzi wangu swali ambalo walimu wa fasihi hatulichoki: ni dosari gani ya tabia iliyomwangamiza Mfalme Oedipus? Tulikuwa tumeisoma tamthilia ya Sophocles katika tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, na jibu nililolitazamia nilikuwa nimekwisha kuliandika ubaoni wiki iliyotangulia: kiburi na hasira. Darasa zima lilinirudishia maneno yangu, isipokuwa binti mmoja. Yeye aliandika kwamba mfalme hakuwa na dosari yenye kustahili adhabu ile. Alikosa tu, kama mtu akosavyo njia usiku. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni, “Hujajibu swali,” nikamnyima alama zote.

Nimekuja kutambua, kwa kuchelewa, kwamba binti yule alikuwa karibu na Aristotle kuliko mimi.

Neno lenye mgogoro ni hamartia. Aristotle alilitumia katika kitabu chake juu ya ushairi, karne ya nne KK, alipokuwa akitafuta mtu afaaye kubeba tanzia. Mtu huyo asiwe mwema kupita kiasi, maana anguko lake lingetuchukiza. Wala asiwe mwovu, maana anguko la mwovu halimtoi mtu machozi. Awe kati ya hao wawili, naye aanguke si kwa uovu bali kwa hamartia. Wahakiki wengi wa Ulaya waliokuja baadaye walilifanya neno hilo kuwa doa la tabia, na sisi tukalipokea hivyo katika vitabu vya mwongozo, tukaliita dosari, kasoro, ila. Lakini kitenzi chake, tangu katika tenzi za Homer, hutumika kwa mkuki uliotupwa usimpate aliyelengwa.

Hapo ndipo Kiswahili kinaponistaajabisha. Mwindaji arushapo mshale, humkosa paa. Mgeni abishapo hodi, humkosa mwenyeji. Kijana humkosea babaye, naye huitwa mkosaji. Kitenzi ni kimoja! Tulikuwa tumeikalia tafsiri halisi ya hamartia, nasi tukaenda kuiazima kwa jirani. Hata neno hatia, tulilolipata kwa Waarabu, limetoka katika mzizi unaobeba maana hizo hizo mbili: kutenda kosa na kuikosa shabaha. Na hamartia hiyo hiyo, tuikutapo katika Agano Jipya la Kigiriki, tumeitafsiri dhambi. Sina ugomvi na watafsiri wa Biblia. Ila msomaji akiichukua dhambi ya Mtume Paulo akamvika Oedipus, atakuwa amemhukumu mtu kabla ya kusikiliza kesi yake.

Tuisikilize basi. Oedipus akiwa Corinth aliambiwa na kauli ya Apollo huko Delphi kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Alifanya nini? Alikimbia, asije akawadhuru Polybus na Merope aliowadhania kuwa wazazi wake. Kwenye njia panda alikutana na mzee ndani ya gari la farasi, wakagombania njia, mzee akampiga kichwani, naye akajibu kwa pigo la kuua. Kisha alifika Thebes, akalifumbua fumbo la Sphinx, akauokoa mji na kupewa ufalme pamoja na mjane wa mfalme. Zitazameni nia zake moja moja: kuwalinda wazazi, kujitetea, kuokoa mji. Na nyuma ya yote yupo mchungaji wa watu wa Thebes aliyepewa kitoto akakitupe mlimani, huruma ikamshika, akamkabidhi mchungaji mwenzake wa Corinth. Huruma ya mtumwa ndiyo iliyomhifadhi mtoto kwa ajili ya msiba wake. Sijui kauli katika tanzia yoyote inichomayo kuliko ya mzee huyo akiri mbele ya mfalme kwamba alimwonea mtoto huruma.

Hasira alikuwa nayo, sikatai. Hasira hiyo hiyo ilimfanya amtukane Tiresias, mwaguzi kipofu aliyemwambia kweli. Lakini hasira ya njiani si sababu ya mtu kumwoa mama yake.

Watazamaji wa Athens hawakuwa wageni wa mambo ya mahakama. Katika karne ile raia 6,000 waliandikishwa kila mwaka kuwa waamuzi wa kesi. Tangu sheria za Draco, takriban mwaka 621 KK, Waathens walitofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Aliyeshtakiwa kwa kukusudia alipelekwa Areopagus. Asiyekusudia alipelekwa Palladion, akihukumiwa alihama nchi mpaka jamaa za marehemu wamsamehe. Na aliyedai kwamba aliua kwa haki alisikilizwa Delphinion. Kwa hiyo mtu aliyekaa juu ya ngazi za jukwaa la Dionysus aliweza kujiuliza: kesi hii ingepelekwa wapi? Sophocles mwenyewe hakuliacha swali hilo. Katika tamthilia ya Oedipus kule Colonus, iliyoonyeshwa mwaka 401 KK baada ya mtunzi kufariki, mzee kipofu anajitetea kama mshtakiwa: hakujua, alishambuliwa kwanza, na mbele ya sheria yu safi. Hata hivyo anajiona najisi, na anasita kumgusa Theseus, mfalme wa Athens aliyempokea. Sheria yamsafisha, mkono wake haumwamini.

Na ajali? Wagiriki waliita moira, neno ambalo asili yake ni sehemu, fungu analogawiwa mtu. Sisi nasi husema lile ndilo fungu lake. Lakini mimi hupenda kulitazama neno ajali lenyewe. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, siku ya mtu isiyosogezwa. Leo tulisikiapo twawaza basi lililopinduka. Neno lililosema yaliyopangwa limekuja kusema yasiyopangwa. Kwenye ile njia panda maana zote mbili zilikutana: kwa Oedipus ilikuwa ajali ya barabarani, kwa Apollo ilikuwa ajali ya wahenga.

Hata hivyo si kila kitu kilikuwa kimetabiriwa. Kauli ya Delphi haikusema kwamba atayapofua macho yake. Wala haikumlazimisha kuendelea kuchunguza nasaba yake pale Jocasta alipomsihi akome. Anapotoka na damu usoni, husema kwamba Apollo ndiye aliyeyaleta mateso, lakini mkono uliopiga macho ni wake mwenyewe. Nikiulizwa utu wa Oedipus uko wapi, nitaonyesha hapo, wala si kwenye kiburi nilichokiandika ubaoni.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliyagawa madhara tuwafanyiayo wenzetu bila kujua au kwa kujua. Likitokea lisilotazamiwa, ni bahati mbaya. Likiweza kutazamiwa lakini likafanywa bila ubaya wa moyo, ni kosa. Likifanywa kwa kujua, ni dhuluma. Nimejaribu kuliweka tendo langu katika mojawapo ya mafungu hayo. Bahati mbaya halikuwa: kitabu kilikuwa mezani, na jibu la binti lilikuwa mbele ya macho yangu, kwa mwandiko safi. Dhuluma nayo sidhani, kwa kuwa niliamini ninachokifanya. Yeye aliichukua karatasi yake bila neno. Siku zile mwanafunzi hakumhoji mwalimu.

Swali lilikuwa na alama 15. Leo ningempa 13. Mbili ningemkata kwa kutomtaja yule mchungaji.