Fumbo lisilojirudia: kutoka Mombasa ya 1942 hadi simu za Mapendo

Katika kartie ya Mapendo, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, benki iliyo karibu na watu wengi ni mwavuli, meza ndogo na kijana mwenye simu mbili tatu. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafunga milango, meza za namna hiyo zilibeba mzigo uliokuwa wa majengo ya ghorofa. Pesa zikaingia na kutoka kwa simu, na mlinzi wa kila akaunti akawa namba ya siri yenye tarakimu chache.

Tarakimu 4 zina uwezekano 10,000 tu, kuanzia 0000 hadi 9999. Tuseme mfumo fulani unaifumba namba hiyo kwa kanuni ngumu ambayo hakuna mwanahisabati awezaye kuifumbua, ila 2580 hutoa fumbo lilelile kila mara, na njia ya kufumba iko wazi kwa yeyote, kama ilivyo kwa mifumo mingi ya leo. Mdukizi hana haja ya kufumbua chochote. Atazifumba mwenyewe namba zote 10,000, atalinganisha na fumbo alilolinasa hewani, na kompyuta yake itakuwa imemaliza kabla mteja hajahesabu noti zake.

Udhaifu wa fumbo linalojirudia ulijulikana zamani kabla ya simu za mkononi, na tukio lake kubwa katika Afrika Mashariki lilitokea Mombasa.

Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo, Waingereza waliwahamishia Kilindini, Mombasa, wataalamu wao wa kusoma mafumbo ya adui. Kitengo hicho kilikuwa kimekwisha kuhama mara mbili: kilianzia Hong Kong, kikaenda Singapore, kisha Colombo, Ceylon. Mombasa kilipewa jengo la shule ya Allidina Visram. Mahali penyewe hapakuwafaa sana, kwa sababu mawimbi ya redio ya Japani yalifika pwani ya Kenya yakiwa hafifu mno. Hata hivyo, wakiwa katika madarasa hayo, John MacInnes na Brian Townend walikuwa wakilihangaikia fumbo la meli za biashara za Japani, lililopewa jina la JN-40.

Kosa lilitoka upande wa pili. Mtumaji wa Kijapani alituma ujumbe wa kina akasahau kutaja mahali meli ilipo. Badala ya kutuma nyongeza, aliufumba upya ujumbe wote, safari hii ukiwa na mahali ndani yake, kwa ufunguo uleule. Waliokuwa Mombasa wakawa na maandishi mawili yaliyokaribia kufanana, na pale yalipoachana ndipo mlango ulipofunguka. Kufikia Novemba 1942 walikuwa wakisoma ujumbe wa JN-40 kadiri ulivyoingia, na misafara ya meli za adui ikaweza kufuatiliwa baharini. Mabaharia waliokuwa ndani ya meli hizo hawakupata kujua kwamba karani mmoja alikuwa amerudia maneno yake.

Huku Kivu, eneo la Goma, kwa miongo mingi, siri ya hewani haikuwepo kabisa. Kabla ya simu za mkononi watu walipashana habari kwa foni, redio za masafa mafupi zilizofungwa kwenye parokia, mashirika na ofisi za wafanyabiashara. Kila mwenye redio kwenye masafa hayo alisikia msiba wa mwenzake na deni la jirani. Aliyetaka siri ilimbidi aseme kwa mafumbo ya mdomo, yaani maneno yaliyokubaliwa mapema, na maneno hayo nayo yakitumiwa mara kwa mara huzoeleka hata kwa wasiohusika.

Jibu la kihisabati kwa udhaifu huo wa kujirudia lilipatikana Berkeley, California, nalo lilianza na mchezo wa karata. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Adi Shamir, Ronald Rivest na Leonard Adleman, walewale waliobuni mfumo wa ufumbaji wa RSA mwaka 1977, walipendekeza namna ya watu wawili kucheza poka kwa simu bila karata za mkononi na bila kuibiana. Richard Lipton akaonyesha kasoro: fumbo la kila karata lilivujisha chembe moja ya habari kuhusu karata yenyewe. Hakuna aliyeweza kulifumbua, lakini mchezaji mjanja aliweza kutambua kwamba karata fulani ni ya kundi hili au lile. Kwa mcheza kamari, hilo latosha.

Wanafunzi wawili wa uzamivu wa Berkeley, Shafi Goldwasser na Silvio Micali, waliishika kasoro hiyo wasiiachilie. Mwaka 1982 walitoa hoja iliyobadilisha fani nzima: kufumba ni lazima kuwe na bahati nasibu ndani yake. Neno lilelile likifumbwa mara 100, litoe mafumbo 100 tofauti. Wakaweka na kipimo, kinachoweza kuitwa usalama wa maana: chochote ambacho mdukizi anaweza kukijua baada ya kulitazama fumbo, awe angeweza kukijua hata bila kulitazama. Mpe achague ujumbe wa aina mbili, “ndiyo” na “hapana”. Ufumbe mmoja kwa siri, umwonyeshe. Asiweze kubahatisha vizuri kuliko mtu anayerusha sarafu. Hapo ndipo fumbo linapostahili kuaminiwa. Mfumo wao wa kwanza ulikuwa mzito, kwani kila biti moja ya ujumbe ilifumbwa kuwa namba ndefu kupindukia, lakini kipimo kilibaki. Kiliwapatia Tuzo ya Turing ya mwaka 2012.

Ukubwa wa hoja hiyo unaonekana vizuri zaidi Goma kuliko kwenye meza ya poka. Katika mji wenye vita, habari inayoua mara nyingi ni fupi: yupo au hayupo, barabara ya kwenda Sake ipo wazi au imefungwa. Ujumbe wa neno moja ndio ulio rahisi kubahatisha, na ndio unaohitaji kulindwa kuliko barua ya kurasa kumi.

Simu zilizoenea Goma mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikulikidhi hitaji hilo. Teknolojia ya GSM hufumba mawimbi kati ya simu na mnara tu. Ndani ya kampuni ya simu, ujumbe mfupi husomeka kama barua isiyo na bahasha. Na hata fumbo la hewani, A5/1, lilikuwa dhaifu: Desemba 2009, Karsten Nohl alionyesha mjini Berlin jinsi linavyoweza kuvunjwa kwa vifaa vya bei nafuu.

Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha ufumbaji wa mwisho kwa mwisho, yaani kutoka simu moja hadi nyingine, unaotumia kanuni za Signal, programu nyingine ya ujumbe, na watu wengi wakapata ulinzi huo bila kubonyeza kitu. Lakini si wote waliofuata. Aprili 2020, dunia ikikutana kwa video kwa sababu ya korona, watafiti wa Citizen Lab huko Toronto waligundua kwamba Zoom ilikuwa ikifumba mikutano kwa njia ambayo vipande vinavyofanana hutoa mafumbo yanayofanana. Miaka 38 ilikuwa imepita tangu Goldwasser na Micali waandike.

Kuna pia yale ambayo fumbo, hata liwe zuri kiasi gani, haliyafikii. Baada ya uchaguzi wa 2011, ujasusi wa kijeshi wa Uganda ulitumia programu ya ujasusi ya FinFisher katika operesheni iliyopewa jina la Fungua Macho. Kwa mujibu wa ripoti ya Privacy International ya Oktoba 2015, mitandao ya Wi-Fi ya hoteli ilitumiwa kuipenyeza kwenye kompyuta na simu za walengwa. Programu hiyo ilisoma ujumbe ukiwa bado haujafumbwa. Na siku moja baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, serikali ya Kinshasa ilizima intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Mtandao uliozimwa hauna wa kumlinda.

Hata mtandao unapowaka, kipimo cha 1982 hakifichi urefu wa ujumbe, saa uliyotumwa, wala namba mbili zilizowasiliana. Mwaka 2018 Signal ilianza kumficha mtumaji asionekane hata na seva zake zenyewe. Mpokeaji bado anajulikana, kwa maana bila hivyo ujumbe haufiki.