Alama za Mahali na Kumbukumbu ya Njia: Ubongo, Lugha na Historia ya Mandhari ya Rungwe

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna alama za mahali zilivyojengwa katika historia ya Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, kwa kuzilinganisha na matokeo ya utafiti wa ubongo kuhusu utambuzi wa nafasi. Hoja kuu ni kwamba kitu hakiwi alama kwa ukubwa wake, bali kwa uthabiti wake. Kwa Wanyakyusa, uthabiti huo haukutegemea maumbile pekee. Uliamuliwa na watu, ukalindwa kwa miiko, na kuhifadhiwa katika majina.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tolman, alidai kwamba panya anayejifunza njia hakariri kona moja baada ya nyingine tu, bali hujenga ramani akilini. Dai hilo lilipata mashiko ya kibiolojia mwaka 1971, pale John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walipoeleza kuwapo, ndani ya hipokampasi ya panya, kwa seli zinazosisimka mnyama anapofika mahali fulani mahususi. Mwaka 2005 kundi la May-Britt Moser na Edvard Moser nchini Norway lilieleza seli za gridi, ambazo hugawa nafasi kwa mpangilio wa pembetatu zinazojirudia. O'Keefe na akina Moser walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Ramani hiyo hushikizwa kwenye alama. Robert Muller na John Kubie walionyesha mwaka 1987 kwamba kadi iliyobandikwa ukutani mwa uzio wa duara ikizungushwa, maeneo ya kusisimka kwa seli za mahali huzunguka pamoja nayo. Hata hivyo, James Knierim na wenzake waliripoti mwaka 1995 kwamba panya waliozoea kupotezwa mwelekeo kabla ya kuingizwa uzioni hawakuifuata kadi kwa uthabiti uleule. Ubongo, kwa hiyo, haukubali kila kinachoonekana. Huuliza kwanza: je, kitu hiki hukaa mahali pake?

2.0 Mandhari ya Rungwe

Mandhari ya Rungwe yana alama kubwa nyingi. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000 kwenda juu. Safu ya Livingstone inasimama mashariki kama ukuta. Na mito Kiwira, Mbaka na Lufirio huteremka hadi Ziwa Nyasa. Mteremko wenyewe ni dira, kwani anayefuata maji hatimaye hufika ziwani. Lakini Tukuyu na vitongoji vyake ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mawingu huufunika mlima, na migomba huziba upeo wa macho. Kwa msafiri aliye bondeni, kilele cha mbali humpa mwelekeo siku za anga jeupe tu. Ili ajue amefika wapi, huhitaji alama za karibu: kivuko, mwamba, mti, au daraja la asili juu ya Mto Kiwira linaloitwa Daraja la Mungu.

3.0 Vijiji vilivyobadilika na vichaka vilivyodumu

Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, Monica alieleza vijiji vya marika. Wavulana waliofikia umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Walilala huko, ingawa waliendelea kula kwa mama zao. Baada ya muda wakaoa, na kibanda kikawa nyumba, na kitongoji kikawa kijiji kamili. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo wazee walikabidhi madaraka kwa vijana, ardhi ikagawanywa upya na moto mpya ukawashwa.

Katika mfumo huo nyumba haikuweza kuwa alama ya kudumu. Ilijengwa kwa mianzi, na kijiji kizima kilizaliwa na kuzeeka pamoja na rika lake. Kilichodumu ni vichaka vitakatifu vilivyoota penye makaburi ya watawala, yaani akina malafyale. Mashuhuri kati ya hivyo ni Lubaga, kitovu cha matambiko ya Lwembe. Kichaka hicho si kikubwa kuliko Mlima Rungwe. Uthabiti wake ulitokana na mwiko: miti isikatwe, na asiyehusika asiingie. Jamii iliyojua kwamba makazi yake yatahama iliamua kwa makusudi mahali ambapo hapatahama.

4.0 Jina lililohamishwa

Utawala wa Kijerumani ulikuja na namna tofauti ya kuweka alama. Kituo chao kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa kiliitwa Langenburg, jina lililotokana na ukoo wa Hohenlohe-Langenburg wa Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya utawala yalihamishiwa nyanda za juu, Tukuyu, na jina likahama nayo: Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Jina hilo halikutaja mto, mti wala kaburi lolote la pale. Lilishikizwa kwenye mamlaka, na mamlaka yalipoondoka baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, lilitoweka katika matumizi. Tukuyu ikabaki.

5.0 Ushahidi wa lugha

Kiswahili kinachotumika Rungwe leo kimebeba alama za mbali. Maneno kaskazini na kusini yametokana na pepo za kaskazi na kusi. Hivyo anayesema Tukuyu kwamba ziwa liko kusini hutumia dira ya mabaharia. Papo hapo husema anashuka Kyela, na hapo dira ni mteremko. Ngeli za mahali nazo hutenganisha pale, mahali mahususi, na kule, upande usio na mpaka dhahiri, na mle, ndani. Kinyakyusa nacho kina viambishi pa-, ku- na mu-. Mgawanyo huu unakumbusha tofauti kati ya seli za mahali na zile za mwelekeo wa kichwa, ingawa ulinganifu huo hauthibitishi kwamba sarufi ni kioo cha ubongo. Unaonyesha tu kwamba mzungumzaji hulazimika kuamua, katika kila tungo ya mahali, kama anataja alama au upande.

6.0 Hitimisho

Vijiji vya marika vimetoweka, na uhaba wa ardhi umeongezeka katika wilaya ya chai, kahawa na migomba. Kichaka kinapofyekwa, kinachopotea si miti tu, bali pia kile kilichoshikilia masimulizi ya nasaba, mipaka na njia. Jina laweza kuishi kizazi kimoja au viwili baada ya mti wake. Baadaye huwa sauti isiyoelekeza popote. Ukusanyaji wa majina ya mahali ya Rungwe, kila moja pamoja na kitu kinachotajwa nalo, ni kazi ya mwanaisimu na mwanahistoria kwa pamoja, na inafaa kufanywa wakati wangali wapo wanaoweza kusema "pale" na kunyoosha kidole.