Meno ya Tembo na Kuenea kwa Nyasi

Kuanzia takriban miaka milioni 8 iliyopita, ukame ulipozidi Afrika Mashariki na misitu kupisha mbuga, jamaa za tembo waligeukia nyasi, chakula kinachosaga meno kwa sababu huliwa pamoja na vumbi. Mabadiliko hayo yanasomeka katika kaboni iliyohifadhiwa ndani ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Lakini magego yenyewe yalichukua miaka milioni kadhaa kabla ya kurefuka sana na kuongeza mabamba ya kusagia, kwa hiyo tabia ilitangulia umbo. Palaeoloxodon recki, tembo mkubwa ambaye mabaki yake yamepatikana Olduvai, Olorgesailie na kando ya Ziwa Turkana, alikuwa mla nyasi hodari, ilhali Deinotherium, mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini kutoka taya la chini, alibaki na magego mafupi ya kutafunia majani hadi alipotoweka yapata miaka milioni 1 iliyopita. Ajabu ni kwamba aliyesalia si bingwa wa nyasi bali tembo wa leo, Loxodonta africana, ambaye hula nyasi kwa wingi wakati wa masika na kurudia majani na magome ya miti wakati wa kiangazi.