Ua Uliopandwa: Historia ya Mimea ya Mipaka Tanganyika

Kabla ya seng'enge na matofali kuenea Tanganyika, ua wa makazi ulikuwa wa namna mbili: ule wa matawi ya miiba yaliyokatwa na kurundikwa, ambao mchwa waliutafuna hata ukahitaji kujengwa upya mara kwa mara, na ule wa mimea iliyopandwa ikaota, ambao wataalamu wa kilimo huuita uzio hai. Huu wa pili uliweza kudumu vizazi kadhaa, lakini ulidai uteuzi makini, kwa kuwa mmea uliofaa ulipaswa kuchipua kutoka kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini, kustahimili kiangazi na, zaidi ya yote, kukataliwa na mbuzi.

Mnyaa, yaani Euphorbia tirucalli, ulitimiza masharti hayo yote, kwani utomvu wake mweupe huwasha ngozi na kudhuru macho, na mifugo huuepuka. Jina la Ziwa Manyara huaminika kuwa limetokana na emanyara, neno la Kimaasai la mmea huohuo uliozungushiwa maboma.

Katika miteremko ya Kilimanjaro haja ilikuwa nyingine. Wachagga walifungia mifugo ndani na kuiletea majani, kwa hiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la urithi linalozunguka nyumba, ulihitaji kutambuliwa na jirani kuliko kuzuia mnyama. Hapo ulichaguliwa isale, mmea wa jamii ya Dracaena usio na mwiba wowote, ambao jani lake pia hupelekwa kwa aliyekosewa ili kumwomba msamaha. Kuung'oa mpakani kulikuwa kuvunja heshima, si kuharibu mmea tu.

Ukoloni uliongeza mimea ya kigeni. Mkonge, ambao mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893 na miche 62 tu ikafika hai, ulikuwa zao la mashamba makubwa, lakini baadaye ulipandwa pia kwa safu mipakani, hasa Usukumani, ukawapa wakulima ua na kamba kwa pamoja. Michongoma, jina linalobeba vichaka kadhaa vya miiba, ilizungushiwa shule, misheni na nyumba za maofisa, ikidai mtu wa kuipunguza kila ilipochipua, gharama ambayo mnyaa haukuwa nayo.

Lantana, iliyotoka Amerika ya kitropiki na kupendwa kwa maua yake, ilionyesha upande wa pili wa uteuzi huo. Nayo ni sumu kwa mifugo, sifa iliyotafutwa tangu zamani katika mmea wa ua. Lakini ndege walikula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na kichaka kilichopandwa kulinda shamba kikafunika malisho, mahali ambapo kukataliwa na mbuzi hakukuwa faida tena.