Shairi

Neno shairi lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhisi na kutambua; mtunzi huko huitwa sha'ir. Kiswahili kilipolipokea kiliibana maana yake. Kwa malenga wa pwani kama Muyaka bin Haji wa Mombasa, shairi hasa lilikuwa utungo wa mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16: 8 za ukwapi (nusu ya kwanza), 8 za utao (nusu ya pili), na vina katikati na mwishoni. Utenzi, wenye mizani 8 kwa mshororo kwa kawaida, una jina lake. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina wala mizani, ubishi mkali ulizuka. Leo neno shairi hubeba tungo za namna zote mbili, zenye vina na mizani na zisizo navyo, na ndivyo inavyostahili.