Reli ya Kivu Isiyofika Kivu

Mtu aliyezaliwa Nyalukemba, mtaa ule wa Ibanda ulio kando ya maji, akiambiwa kwamba mji wake wa Bukavu uliwahi kupokea shehena zake kwa njia ya reli, huenda akacheka, maana katika mji mzima hapana stesheni, hapana tuta lililotandikwa mataruma, wala hapana ukoo unaosimulia kwamba babu yao aliamshwa alfajiri na honi ya gari la moshi. Hata hivyo habari hiyo ni ya kweli, ila ina kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo iliyonishawishi kuiandika: reli iliyoitwa ya Kivu haikulifikia ziwa Kivu hata siku moja. Ilianza Kalundu, bandari ya Uvira iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, ikafuata bonde la mto Ruzizi kwa mwendo wa kilomita 90 na kitu, na ilipofika Kamanyola, mahali ambapo bonde linakwisha na milima inainuka ghafla, ikakoma.

Ili mtu afahamu kwa nini Wabelgiji waliitamani reli hiyo, hana budi kukumbuka jinsi nchi hii ilivyokuwa mbali na kila bahari. Kituo chao cha kwanza kwenye ufuko huu wa kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, kiliwekwa hapa hapa Nyalukemba, wakati ambapo wao na Wadachi walikuwa bado wanashindana juu ya mpaka, ushindani ambao haukumalizika mpaka ulipofanywa mkataba wa 1910. Serikali yao ilikuwa Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, na shehena iliyotoka huko ililazimika kulikata bara zima kwa mashua, kwa reli vipande vipande, na kwa vichwa vya watu. Bahari ya Hindi ilikuwa karibu zaidi, lakini njia yake ilikuwa mikononi mwa Wadachi. Na kwa vyovyote, iwe mzigo umetoka mashariki au magharibi, kutoka Uvira kupanda mpaka Kivu hapakuwa na chombo isipokuwa pagazi, na pagazi huyo aghalabu hakuulizwa kama anataka kwenda.

Mambo yakageuka katika muda wa miaka michache. Mwaka 1914 reli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam iliwasili Kigoma; mwaka uliofuata reli ya kampuni ya CFL, iliyoasisiwa na Baron Empain, ikatoka Kabalo kwenye mto Lualaba ikafika Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Vita vilipokwisha, na Wadachi wakiwa wamekwisha ondolewa, Waingereza na Wabelgiji walipatana mwaka 1921 kwamba Ubelgiji ipewe sehemu yake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili bidhaa za Kongo zipite Tanganyika bila kuzuiliwa kwa ushuru. Kwa hiyo ziwa Tanganyika lilikuwa na milango miwili ya reli, mmoja kila upande, ilhali Kivu, yenye udongo mwema na baridi ambayo Mzungu aliipenda mno, ilibaki nje ya nyumba.

Mwaka 1927 mji wa Bukavu ukapewa jina la Costermansville, na mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, halmashauri iliyokabidhiwa ardhi kubwa ya kugawia walowezi. Walowezi wakaja, wakapanda kahawa, baadaye chai, mkwinini na pareto, mazao ambayo hayana faida yoyote yakiozea ghalani. Katika hali hiyo ndipo lilipozaliwa shirika la reli ya Kivu, lililojulikana kwa herufi za CEFAKI, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 magari yake yakaanza kwenda na kurudi baina ya Kalundu na Kamanyola.

Sasa tuutazame mto, maana mto ndio uliotoa hukumu. Uso wa ziwa Kivu uko yapata mita 1,460 juu ya bahari, na uso wa Tanganyika yapata mita 770. Ruzizi inayotoka la juu kuingia la chini huteremka basi karibu mita 700 kwa safari isiyozidi sana kilomita 100. Lau mteremko huo ungegawanywa sawasawa, mhandisi angeumudu. Lakini haukugawanywa hivyo. Sehemu kubwa ya anguko hilo imo katika magenge membamba baina ya Bukavu na Kamanyola, na kutoka hapo mto hutulia, ukatambaa katika uwanda wa joto ambamo leo mtu hupita Luvungi, Luberizi, Sange na Kiliba, ardhi tambarare ambayo kutandika reli juu yake si kazi ya kumtoa jasho fundi. Injini ya mvuke ikivuta mabehewa yenye mzigo huanza kulemewa njia inapopanda mita 25 kwa kila kilomita. Kwa kipimo hicho, kutoka Kamanyola kulifikia ziwa, penye tofauti ya mita 500 hivi, ingetakiwa njia ya kupanda mfululizo kilomita 20 bila pumziko, tena juu ya ubavu wa mlima unaokatwa na makorongo kila hatua. Kazi hiyo yawezekana, na watu wameifanya kwingine, lakini hudai madaraja, mahandaki na fedha nyingi. Na reli yetu ilizaliwa wakati ule ule ambapo mdororo wa biashara ulioanza 1929 ulikuwa umeziangusha bei za mazao ulimwenguni kote. Nani angezika mali yake katika mwamba wa Ngomo, mlima huo ulio juu ya Kamanyola, ili kuteremsha kahawa isiyo na mnunuzi?

Basi mlima ukaachiwa malori. Tufuate kasha moja lililoshuka melini Dar es Salaam: linapakiwa katika behewa, linateremshwa Kigoma, linapandishwa meli ya ziwani, linateremshwa Kalundu, linapakiwa tena katika behewa, na baada ya safari ya chini ya kilomita 100 linateremshwa Kamanyola, lipandishwe lori lililokuja kulichukua kutoka Costermansville. Kila kituo kina mahamali wake wa kulipwa, karani wake wa kuhesabu, mvua yake ya kulowesha, na, tusifichane, mwizi wake. Rai yangu ni kwamba hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa, wala si katika uchache wa mizigo kama mtu awezavyo kudhani kwa haraka. Reli ndefu hulipa gharama ya kupakia na kupakua kwa urefu wa safari yake. Reli fupi iliyobanwa baina ya meli na lori hailipi, kwa sababu lori lililokwisha shuka mlima wa Ngomo, ambao ndio sehemu ngumu ya njia, halioni taabu kuendelea katika uwanda mpaka bandarini. Maadamu barabara ilikuwa mbaya na malori machache, reli ilipata kuishi. Barabara ilipotengenezwa na malori yakazidi nguvu, msaidizi akawa mrithi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla bendera ya Ubelgiji haijateremshwa, reli ya Kivu ilifungwa.

Haikuwa peke yake kufa kijana. Unguja ilikuwa na reli yake ya kutoka mjini kwenda Bububu, iliyoanza 1905 na kumalizika katika miaka ya 1920, motokaa zilipoinyang'anya abiria wake. Na kusini mwa Tanganyika ilijengwa reli ya Mtwara na Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota kama Waingereza walivyotaraji, nayo ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba ile ya Nachingwea ilikosa shehena, ilhali yetu shehena ilikuwapo, ikiitazama kutoka juu ya mlima.

Ajabu ni kwamba magenge yaliyoikataa reli hayakukataa kila kitu. Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa 1950 lilijengwa bwawa la umeme la Ruzizi huko Mururu, karibu na mahali mto unapotoka ziwani, na anguko lile lile lililomshinda mhandisi wa reli likawa mali kwa mhandisi wa umeme. Kamanyola nayo ikapata sifa isiyohusiana na treni kabisa: baada ya mapigano ya 1964 Mobutu aliligeuza jina lake kuwa alama ya ushujaa wake, akakipa jina hilo kikosi cha jeshi, meli yake ya mto Kongo, na kiwanja cha mpira huko Kinshasa, hivyo Wakongo wengi wanalijua jina hilo bila kujua kwamba palikuwa na stesheni.

Shughuli ya kuchagua njia, hata hivyo, haijaondoka Kamanyola. Dereva anayetoka Uvira na mzigo wa Bukavu akifika hapo hupima mambo mawili: apande Ngomo kwa kona zake, ambamo lori moja likikwama utelezini huzuia mengine yote nyuma yake, au avuke mpaka aingie Bugarama katika Rwanda, apite lami ya jirani mpaka Kamembe, kisha arudi Kongo kwa daraja la Ruzizi, akiwa amekaguliwa na maofisa wa nchi mbili mara mbili kwa mji ambao hakuwa amekusudia kutoka nje ya nchi ili kuufikia. Wengi huchagua Rwanda, mpaka ukiwa wazi.