Kipenyo cha Singa ya Mkonge na Hesabu ya Mkazo

Tangu Richard Hindorf alipoingiza mkonge Tanga mwaka 1893, soko limezipanga singa zake kwa urefu, usafi na rangi. Siku hizi singa hizo zinachanganywa na plastiki na saruji, na mhandisi anadai kipimo kingine: mkazo ambao singa moja inaweza kuuhimili kabla ya kukatika. Hoja ya makala hii ni kwamba kipimo hicho mara nyingi huwa kimekwisha kuharibika hata kabla uzito haujatundikwa.

Mkazo ni kani ikigawanywa kwa eneo la mkato. Mnyumbuko ni nyongeza ya urefu ikigawanywa kwa urefu wa awali. Kitu kinachovutwa hurefuka na papo hapo hukonda, na kiasi cha kukonda kwake hutolewa na uwiano wa Poisson. Kwa hiyo vitabu huonya, na huonya kwa haki, kwamba anayetumia eneo la awali anapata mkazo ulio chini ya ule halisi.

Tuchukue singa yenye kipenyo cha mikromita 200, tuitundikie kilo 1. Eneo lake ni milimita za mraba 0.0314, na mkazo ni takriban megapaskali 312. Tukikadiria moduli ya Young, yaani mkazo ukigawanywa kwa mnyumbuko, kuwa gigapaskali 15, singa itarefuka kwa asilimia 2.1. Uwiano wa Poisson ukiwa 0.3, kipenyo kitashuka hadi mikromita 198.75 hivi, na mkazo halisi utakuwa megapaskali 316. Yaani marekebisho yote hayo yametuongezea megapaskali 4.

Sasa tuseme mpimaji amekosea kipenyo kwa asilimia 10 tu, akasoma mikromita 180. Mkazo unaruka hadi megapaskali 385! Akisoma 220, unaanguka hadi 258. Na kukosea hivyo si uzembe. Singa haina unene mmoja toka shinani hadi nchani, na mkato wake si duara: nyingine zina umbo la kwato ya farasi, nyingine ni bapa kama utepe. Ndani yake ni fungu la seli zilizogandamana, kila seli ikiwa na uwazi katikati. Uwazi huo haubebi mzigo wowote, ila hadubini inayotazama kwa nje huuhesabu kama nyama ya singa. Tena singa hunyonya unyevu na kuvimba, na uvimbe wa siku ya masika pwani unaweza kuuzidi kabisa ule ukondefu tunaouhangaikia.

Simaanishi kwamba uwiano wa Poisson ni anasa. Kamba ya mpira ikivutwa hadi urefu wake uwe maradufu, eneo lake hubaki karibu nusu, na mkazo halisi huwa karibu mara mbili ya ule wa eneo la awali. Huko, kupuuza kukonda ni kosa kubwa. Lakini mkonge hukatika ukiwa umerefuka asilimia chache tu.

Njia bora ya kupata eneo kwa maabara zetu ni mizani. Pima uzito wa singa yenye urefu unaojulikana, ugawanye kwa urefu huo, kisha kwa densiti ya kuta za seli, ambayo ni kama gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo. Mita moja ya singa yetu ya mfano, kama isingekuwa na uwazi ndani, ingekuwa na miligramu 45 hivi. Ikipungua hapo, tofauti hiyo ndiyo uwazi. Eneo linalopatikana ni la kuta zinazobeba mzigo, japo ni wastani, na sehemu nyembamba ambapo singa hukatikia bado itafichika. Kwa hiyo singa zipimwe nyingi, za urefu uleule, katika unyevu uleule.

Wahariri wa majarida yetu wasipokee megapaskali za mkonge kutoka kwa mtafiti asiyeeleza eneo amelipataje, na hewa ya chumba chake ilikuwa na unyevu kiasi gani.